Kapu Lisiloonjwa

Njia yenyewe ni fupi. Mtu mwenye miguu yake mizima anaanzia nyuma ya zahanati, anapita mikorosho, anaingia kwenye miombo, anapanda kilima cha Chihuta, na anafika kwenye mabwawa kabla chai aliyoiacha kwenye chupa haijapoa. Vijana wameichonga upya mwaka huu. Wamepaka mawe chokaa, wamefunga kamba pale penye utelezi, wameweka benchi la mbao mahali ambapo mtu akikaa anaona bonde lote mpaka mashamba ya ufuta ya upande wa Nachingwea. Wageni wanaokuja Ruangwa siku za mechi wanaletwa asubuhi, wanapanda, wanapiga picha, wanashuka, wanakwenda kwenye mpira wao. Sina neno na hilo. Njia imewekwa ipitwe. Neno nililokuwa nalo ni juu ya kibao.

Somoe tumemzika mwanzo wa kiangazi. Tulichezwa unyago pamoja, tukaolewa msimu mmoja, na uzee ulitukuta nyumba zetu zinatazamana. Alilala wiki tatu katika chumba cha nyuma chenye dirisha dogo, kinanuka dawa ya kuchua na maganda ya machungwa, nami nilikaa kwenye kigoda nikimlisha uji kwa kijiko. Siku nne za mwisho niliamka kila asubuhi nikijua nitamwambia. Siku ya kwanza walikuja wageni. Ya pili alilala mchana kutwa. Ya tatu aliniuliza kama mbaazi zimetoa maua, nikamjibu habari ya mbaazi. Ya nne alikufa. Watu walinisifu msibani, wakasema dada wa tumbo moja asingefanya zaidi. Niliwaacha waseme. Nilikuwa nimezoea kuwaacha watu waseme.

Arobaini ilipopita, alikuja Zamda, mwanamke wa miaka thelathini hivi, ndiye kiongozi wa hao vijana wa njia. Asumini, binti wa Somoe, alikuwa uani kwangu anapepeta mtama. Huyu Asumini ndiye aliyekuwa ananiletea maji kila asubuhi tangu kiuno changu kilipoharibika. Watoto wangu wako mbali na simu zao zinaita bila kupokelewa. Ananiita mama mkubwa, na sijawahi kulala njaa mbele yake. Zamda alikaa kwenye jamvi akaniambia Jumamosi wanazindua njia, wanataka mzee mmoja atembee na wageni, awape stori za zamani.

"Stori gani?" nikamuuliza.

"Za yule mchawi wa bwawani, bibi. Aliyemuua mtoto. Wageni wanaipenda hiyo, inawasisimua! Kibao tumeshakichora, rangi nyekundu, kinaonekana toka mbali. Bwawa la Mchawi."

"Nani kakwambia alikuwa mchawi?"

"Kila mtu anajua. Hata Bibi Somoe, Mungu amrehemu, alikuwa anasema."

Asumini aliacha kupepeta. "Mama alikuwa hapiti njia ile kabisa," akasema. "Akikitazama kile kilima anatema mate. Mtoto mwenyewe alikuwa dada yangu, mie sijamwona. Nenda nao, mama mkubwa. Waambie. Mama angefurahi."

Nilisema nitakwenda. Nilipobaki peke yangu nilikaa na jambo lile mpaka moto wa jikoni ukazima. Nikisema kweli, namkosa Asumini, na sina mwingine. Nisiposema, Binti Chitanda, huyo mwanamke wa bwawani, ataandikwa mchawi kwa rangi ya mafuta, na ubao ukishasimama ardhini hakuna anayeuliza tena.

Ulikuwa mwaka wa pili tangu tukusanywe kijijini. Kabla ya hapo kila ukoo ulikaa kwake, na mtu akikohoa unamjua kwa kikohozi. Hapa tulipangwa mistari, nyumba kwa nyumba, jirani hujui hata baba yake nani. Mashamba ya zamani yalibaki mbali, mapya yalikuwa visiki bado, halafu mvua ikanyesha siku chache ikakatika. Mtama ulitoa mashuke ya maganda. Muhogo tuliung'oa ukiwa mwembamba kama vidole. Wanaume wakaondoka kutafuta vibarua. Mume wangu na mume wa Somoe waliondoka asubuhi moja, wamebeba kifurushi kimoja watu wawili. Tukahamia nyumba moja, mimi, Somoe na mimba yake, na binti yake Zuhura, mwenye miaka mitatu. Nyumba ilikuwa na vyumba viwili, tukalala kimoja ili tusikie mtoto anavyopumua. Nikiitazama nyumba ile kwa akili yangu ya leo naona kitu kimoja: ilikuwa safi. Hakuna panya anayekaa mahali pasipo na punje. Tulifagia jiko ambalo halijamwaga kitu.

Kwanza tulichimba ming'oko, mizizi ya porini isiyo na sumu. Siku hizi ming'oko inauzwa stendi, imechemshwa kwa chumvi, watu wanatafuna wakisubiri basi. Sisi tuliimaliza ya kilima kizima, ikabaki ndiga. Asiyeijua ndiga aambiwe: ni kiazi cha porini, kikubwa, kinashibisha, na kinaua. Ukikila hivi hivi unalewa, unaanguka, usingizi unakuchukua na haurudi nawe. Kinataka kumenywa, kukatwa vipande vyembamba, kulowekwa siku nyingi kwenye maji yanayotembea mpaka sumu itoke. Maji yanayotembea mwaka ule yalikuwa mahali pamoja tu, juu ya Chihuta, yanatoka kwenye ufa wa jiwe na kuteremka mabwawa matatu madogo. Ndiyo njia ilivyozaliwa. Haikuwa ya machifu wala ya watumwa, kama nilivyosikia mwingine akiwaambia wageni. Ilikanyagwa na wanawake wenye makapu kichwani, mwaka mmoja, mpaka jiwe likalainika.

Juu kule alikaa Binti Chitanda. Alitoka upande wa mto, ukoo ambao hatukuujua, hana mume wala mtoto, mdomo wa juu una tundu la ndonya, pambo la mti la kikwao ambalo alikwisha kulivua, na watoto walimkimbia kwa sababu ya tundu lile. Kazi yake ilikuwa kuonja. Hakupewa na mtu. Yeye ndiye aliyejua, basi akafanya. Anachukua kipande cha chini kabisa katika kapu lako, anakichemsha katika kijungu chake, anatafuna, anameza. Halafu anachomeka kijiti ardhini mbele ya kapu na kukaa mpaka kivuli kisogee upana wa kiganja. Akiona tumbo na macho yake vimetulia, anasema, "Chukua." Kama sivyo, anasema, "Bado." Maneno yake kwa siku nzima yalikuwa hayo mawili.

Kapu letu alilisema bado siku ya tano. Siku ya sita akasema bado. Nyumbani Zuhura alikuwa amevimba miguu, nywele zimegeuka rangi ya kutu, na alikuwa ameacha kulia. Mtoto anayelia ana nguvu. Aliyenyamaza ndiye wa kuogopa. Somoe, na tumbo lake la miezi saba, alikuwa anamwambia mtoto kila nikitoka, "Mama mkubwa anakwenda kuleta." Nilipanda siku ile nimeyabeba maneno hayo. Bado ya pili iliponifikia, nikasema kwa sauti ya kusikika mpaka bwawa la chini:

"Bibi, wewe unaonja au unakula? Makapu yote haya, kila kapu kipande. Kijiji kizima mwenye kushiba ni wewe peke yako!"

Wanawake walicheka. Mmoja akadakia, "Ndiyo maana anasema bado! Akisema chukua, kesho atakula nini?" Kicheko kikazidi. Hatukuwa tumecheka muda mrefu, na mimi ndiye niliyewachekesha. Nilijisikia mtu.

Binti Chitanda alinitazama. Macho yake yalikuwa mekundu, na leo najua yalikuwa mekundu kwa nini: kila kapu baya la kijiji kile lilipita kwanza tumboni mwake. "Esha," akasema, "ndiga haijulikani mdomoni. Inajulikana tumboni. Nikitema, nitakudanganya."

"Basi nitajionjea mwenyewe."

"Jionjee. Lako silionji tena." Akang'oa kijiti chake mbele ya kapu langu, akakichomeka mbele ya kapu la mwingine.

Nikarudi mikono mitupu. Somoe alikuwa ameketi mlangoni, mtoto mapajani. Nikamwambia, "Binti Chitanda amekataa kuonja kapu letu."

"Amekataa? Tumemkosea nini?"

"Kamuulize yeye."

"Hawa watu wa mtoni hawa," Somoe akasema. "Kesho nenda kamwangukie. Mpigie magoti, Esha, usione haya. Kwa ajili ya mtoto."

Nilisema nitampigia. Nilikuwa na miaka kumi na minane na magoti yangu hayakupinda.

Siku ya saba nilikwenda mapema, akiwa bado hajafika. Maji yalikuwa yamepungua usiku ule, yamekuwa uzi. Bwawa la chini, lilipokuwa kapu letu, lilikuwa limesimama kimya, na povu jembamba juu yake. Niliona lile povu, na ninalosema hapa ni hili, niliona. Nikawasha moto, nikachemsha kipande, nikatafuna, nikatema kama mtu mwenye akili, nikasikiliza ulimi wangu. Ulimi ukaniambia ni tamu. Ulimi wa mwenye njaa ni shahidi wa uongo. Siku ile ungeniambia udongo ni mtamu. Nikatwika kapu, nikashuka.

Tulipika chungu kimoja. Somoe aliweka chumvi ya mwisho, ile iliyokwanguliwa chini ya kibuyu. Tulimpa Zuhura kwanza, kwa mkono, kipande kimoja kimoja kimepozwa kwa pumzi, na Somoe akawa anamwimbia wimbo wa kupembeleza huku anamlisha. Halafu mimi nikala. Somoe alikula vipande vitatu, mimba ikavikataa, akatoka nje kutapika. Kutapika kule ndiko kulikomwokoa, yeye na aliyekuwa tumboni. Jua lilikuwa katikati. Nilikuwa naosha chungu niliposikia midomo yangu si yangu. Nikageuka nikamwona Zuhura amekaa, kichwa kinaning'inia kama cha mlevi, udenda unamtoka, na anatabasamu.

Somoe alipiga ukelele. Nilijua mtu mmoja tu anayejua dawa ya ndiga, nikamfunga mtoto mgongoni nikapanda. Sasa watu wanaipanda njia hii kwa raha, wanahesabu vipepeo. Mimi niliipanda miguu ikiwa imegawanyika, mmoja unasikia na mwingine hausikii. Miti ilikuwa miwili miwili. Pale lilipowekwa benchi, pale wanapokaa wageni kutazama bonde, ndipo nilipoanguka, nikainuka, nikaanguka tena, nikatambaa. Mtoto mgongoni alikuwa wa moto, kisha akawa mzito. Nilitaka kuita na ulimi haukugeuka. Binti Chitanda ndiye aliyesikia mawe yakiporomoka. Alishuka mbio, mwanamke mzee vile, akanifungua mtoto mgongoni, akakimbia naye juu. Nilimfuata kwa magoti. Yale magoti.

Alimtia kidole kooni. Alikoroga ukwaju kwa maji akamwagia mdomoni kidogo kidogo, huku anamwambia, "Meza, mama. Meza, mama yangu. Usilale." Maji ya ukwaju yaliingia na kutoka pembeni. Alimnyanyua, akampiga mgongo, akamwita kwa jina ambalo hakuwahi kuambiwa na mtu, kumbe alikuwa anatusikia tukilitaja. Mimi nilikuwa chini, naona na siwezi kitu. Zuhura alikata roho mikononi mwake jua likiwa bado juu. Na hivyo ndivyo watu walivyotukuta walipofika na Somoe akiwa nyuma yao: mtoto amekufa, kichwa chake kiko kifuani kwa yule mwanamke mwenye tundu mdomoni, na mimi nimelala pembeni sina kauli.

Siku ya tatu kauli ilirudi. Siku ya nne tuliitwa uwanjani, wazee wamekaa kwenye magogo, wanawake wamesimama. Somoe aliketi chini, amejifunika khanga mpaka machoni. Mzee mmoja akamuuliza Binti Chitanda alimfanya nini mtoto. Hakulia wala hakuapa. Alisema tu, "Muulizeni Esha."

Wakanigeukia. Somoe akaifunua khanga akanitazama.

"Alikataa kuonja kapu letu," nikasema.

Kila neno katika hayo ni la kweli. Nimeyapima miaka yote, sijapata la uongo hata moja, na pamoja na hayo ndiyo maneno mabaya kuliko yote yaliyotoka kinywani mwangu. Binti Chitanda alingoja. Alidhani nitaendelea. Wale wanawake waliocheka walikuwapo, na kila mmoja alitazama miguu yake, kwa sababu akinitaja mimi anajitaja mwenyewe. Alipoona siongezi, Binti Chitanda akatikisa kichwa mara moja, kama mtu aliyeonja na kupata jibu.

Hakuna aliyempiga. Hakuna aliyempelekea kapu tena. Siku chache baadaye aliviringisha mkeka, akatwika kijungu, akapita katikati ya mistari ya nyumba kuelekea Nambilanje, na habari zake ziliishia hapo. Baada yake kila mtu alijionjea. Watu wawili wengine walilala kwa ndiga mwaka ule hawakuamka, na wakasema ni yeye, ameyaacha mabwawa na sumu. Uchawi ni kitu rahisi. Unamaliza maswali. Mvua zilirudi, Asumini akazaliwa mahindi yakitoa ndevu, mimi ndiye niliyempokea kwa mikono hii. Waume zetu walirudi, mmoja anachechemea. Somoe hakulitaja tena jina la Zuhura mpaka kufa kwake. Alimtaja yule mwingine, na kila alipomtaja kwa laana, nilikuwa nimekaa karibu, nachambua mboga.

Mtu ataniuliza kwa nini sikusema. Mwanzo niliogopa kupigwa. Kisha niliogopa kumpoteza Somoe, maana nilibaki naye peke yake kwa mwaka mrefu kuliko yote. Kisha ikawa desturi. Siri ikikaa sana haikusumbui kama jeraha, inakuwa kama jino bovu unalolizoea, unatafunia upande mwingine.

Jumamosi nilipanda na wageni kumi na kitu, Asumini amenishika mkono. Kwenye benchi walitaka nipumzike. Nilikataa kukaa pale. Juu, maji yalikuwa yanatembea vizuri, na kibao kimeegemezwa jiwe kusubiri kusimikwa. Zamda akapaza sauti, "Haya jamani, huyu ndiye bibi yetu, alikuwepo! Bibi, wape mambo ya mchawi."

Nikawaambia hapakuwa na mchawi. Nikaeleza ndiga, nikaeleza kuonja, nikasema maneno niliyomtupia yule mwanamke, hayo hayo bila kuyapunguza. Nikasema povu. Nikasema uwanjani. Mgeni mmoja aliyekuwa amenyanyua simu akaishusha. Nilipofika kwenye kicheko, nilisikia mkono wa Asumini unaniacha.

Nikasimulia mpaka mwisho. Ndipo Asumini akauliza, taratibu, kama tuko uani wawili, "Mama alijua?"

"Hakujua."

"Ulikaa naye mpaka siku ya mwisho."

"Nilikaa."

"Unamlisha uji, mama mkubwa. Unamfuta mdomo. Na umenyamaza."

"Nilinyamaza."

"Na juzi nimekwambia njoo uwasimulie, mama angefurahi. Ukaitika."

Akajitanda khanga yake vizuri, akageuka, akashuka peke yake. Mimi nilishushwa na watu nisiowajua, mmoja kila upande, wananiambia, "Polepole bibi, angalia jiwe."

Zamda amekifuta kibao. Alikuja nacho kwangu akanisomea, maana macho yangu ni ya darasa la tatu na ya mtoto wa jicho. Kimeandikwa kwamba hapa Binti Chitanda aliwaonjea ndiga wanawake wa kijiji mwaka wa njaa. Nikamwambia aongeze kwamba Esha alimsingizia kwa kunyamaza. "Bibi, hilo tuliache," akasema, "watu watakuonaje?" Nikamwambia wataniona. Alibishana, halafu akaongeza. Kimesimikwa, na wanaokwenda mpirani wanakisoma.

Maji nachota mwenyewe sasa, kindoo kidogo, mara mbili kwa siku, na njiani naweka chini mara tatu. Siku kumi na tisa Asumini hakukanyaga kwangu, wala sikumtuma mtu. Jana nilikuwa mlangoni nachagua choroko, akapita barabarani na jembe begani, anatoka shamba. Akafika usawa wa nyumba yangu akapunguza mwendo. Hakuigeuza shingo.

"Shikamoo," akasema.

Hakuongeza mama mkubwa. Niliitikia marahaba kwa sauti yote niliyobakiwa nayo, asije akafikiri sikusikia, na yeye alikuwa ameshaendelea.